Sauti ya Wakati Ujao: Lupita Nyong'o, Wakanda na Nafasi ya Kiswahili katika Filamu za Bunilizi ya Kisayansi

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia safari ya mwigizaji Lupita Nyong'o kutoka tamthilia ya televisheni ya Shuga, iliyotengenezwa Nairobi mwaka 2009, hadi nafasi ya Nakia katika filamu ya Black Panther ya mwaka 2018. Swali linaloyaongoza ni moja: filamu inapobuni Afrika ya wakati ujao, ni nani anayeamua lugha itakayosemwa humo? Kwa kuilinganisha safari hiyo na kazi nyingine zilizoitangulia na kuifuata, makala yanaonesha kwamba Kiswahili kimeazimwa zaidi kama ghala la majina kuliko kama lugha ya mazungumzo. Yanaonesha pia kwamba lugha ya Kiafrika iliposemwa katika filamu kubwa ya aina hii, sababu ilikuwa kuwapo kwa msemaji wake kazini wakati uamuzi ukifanywa. Sehemu ya mwisho inatoa mafunzo kwa Sudan Kusini, nchi ambayo bado inajenga sera yake ya Kiswahili na tasnia yake ya filamu kwa wakati mmoja.

1.0 Utangulizi

Sudan Kusini ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 15 Aprili 2016, na kukamilisha taratibu za uanachama mwezi Septemba mwaka huohuo. Kifungu cha 137 cha Mkataba wa Jumuiya kinataka Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano mapana ya Jumuiya. Tangu wakati huo, suala la Kiswahili mjini Juba limezungumzwa zaidi kwa upande wa shule: walimu watoke wapi, vitabu vipi vitumike, somo lianze darasa la ngapi. Hayo ni mambo ya msingi. Hata hivyo, kijana wa Juba hakutani na lugha darasani pekee. Hukutana nayo katika soko la Konyokonyo, redioni, katika simu yake ya mkononi na katika filamu anazozitazama na wenzake.

Miongoni mwa filamu hizo, zile zinazobuni wakati ujao zina uzito wa pekee kwa mtafiti wa lugha. Filamu ya kihistoria hufungwa na yaliyotukia, na filamu ya maisha ya leo hufungwa na mazoea ya mji inaousawiri. Filamu ya wakati ujao haifungwi hivyo. Mtunzi wake akitaka wahusika waseme Kiarabu, Kizulu au lugha isiyokuwapo duniani, hakuna ushahidi wa kumpinga. Kwa sababu hiyo, lugha inayosikika humo ni matokeo ya uchaguzi mtupu, na uchaguzi huo hufichua imani ya waliochagua kuhusu lugha zipi zitaendelea kuishi na zipi zitabaki makumbusho.

Lupita Nyong'o anafaa kuwa kitovu cha mjadala huu kwa sababu tatu. Kwanza, alijulikana Afrika Mashariki kupitia televisheni kabla ya kujulikana duniani. Pili, ameigiza katika filamu kadhaa za bunilizi ya kisayansi zilizotazamwa sana. Tatu, asili yake inamuunganisha na Sudan Kusini kwa njia ambayo haijapewa uzito katika maandishi kuhusu sanaa yake. Wajaluo hulitaja eneo ambalo leo ni Sudan Kusini kuwa chimbuko la wahenga wao, na wanaisimu huiweka lugha yao katika tawi moja na Kishiluki, Kianyuak, Kipari na Kiacholi, lugha ambazo zote zina wasemaji ndani ya Sudan Kusini.

2.0 Usuli: Kiswahili angani, 1966

Historia ya Kiswahili katika bunilizi ya kisayansi ya televisheni haikuanzia Afrika Mashariki. Ilianzia Marekani, tarehe 8 Septemba 1966, siku ilipooneshwa sehemu ya kwanza ya tamthilia ya Star Trek. Mwigizaji Nichelle Nichols, aliyezaliwa mwaka 1932 katika mji wa Robbins, Illinois, alicheza nafasi ya Luteni Uhura, afisa wa mawasiliano wa chombo cha angani. Jina hilo lilitokana na neno uhuru, ambalo miaka michache tu kabla yake lilikuwa limesikika dunia nzima wakati Tanganyika, Uganda, Kenya na Zanzibar zilipojitawala. Nichols alieleza kwamba alipokwenda kufanyiwa usaili alikuwa na riwaya ya Robert Ruark iliyoitwa Uhuru, na kwamba kutoka hapo mazungumzo na mtayarishaji Gene Roddenberry yalizaa jina la mhusika.

Kinachovutia zaidi kwa mtaalamu wa lugha ni kwamba Uhura hakupewa jina la Kiswahili tu. Katika sehemu hiyo ya kwanza anasemeshwa kwa Kiswahili na kiumbe kilichojigeuza binadamu ili kumvuta. Katika sehemu nyingine, iliyooneshwa mwaka 1967, kumbukumbu za Uhura zinafutwa zote na inabidi afundishwe upya kusoma. Anapokwama katika Kiingereza, Kiswahili ndicho kinachomtoka. Watunzi walikubali, pengine bila kulitafakari sana, kwamba katika karne ya 23 kutakuwa na mtu msomi, afisa wa ngazi ya juu, ambaye lugha iliyo ndani kabisa ya nafsi yake ni Kiswahili.

Uamuzi huo ulikuwa na mazingira yake. Mwaka 1966 ndio mwaka Maulana Karenga alipoanzisha sikukuu ya Kwanzaa huko California, akitumia istilahi za Kiswahili kwa kanuni zake saba. Kwa Wamarekani Weusi wa kipindi hicho, Kiswahili kilikuwa lugha ya Kiafrika isiyofungwa na kabila moja, na kwa hiyo ilifaa kuwa alama ya Afrika nzima. Sifa hiyo ndiyo iliyokipeleka Kiswahili angani, na ndiyo pia iliyokiwekea mpaka: alama haihitaji sarufi. Baadaye Uhura alipewa jina la kwanza, Nyota, ambalo lilitamkwa rasmi katika filamu ya mwaka 2009. Nichols mwenyewe alicheza nafasi hiyo katika filamu sita za sinema kuanzia mwaka 1979 hadi 1991, na alifariki tarehe 30 Julai 2022. Kwa muda wote huo, Kiswahili cha Uhura kilibaki zaidi katika jina kuliko katika kauli.

3.0 Kutoka jukwaa la Nairobi hadi Shuga

Lupita Nyong'o alizaliwa Mexico City tarehe 1 Machi 1983, wakati baba yake, Peter Anyang' Nyong'o, alipokuwa akiishi na kufundisha nje ya Kenya kwa sababu za kisiasa. Familia ilirejea Kenya akiwa bado mtoto mchanga, na malezi yake yote ya utotoni yalikuwa ya Nairobi. Akiwa na umri wa miaka 14 alicheza nafasi ya Juliet katika mchezo wa Shakespeare chini ya kundi la Phoenix Players. Akiwa na miaka 16 alipelekwa Mexico kujifunza Kihispania. Hivyo, kabla ya kufikia utu uzima, alikuwa ameishi ndani ya Kijaluo, Kiswahili, Kiingereza na Kihispania. Hali hiyo ya lugha nyingi si ya ajabu kwa mtoto wa Nairobi au wa Juba, ingawa mara nyingi huoneshwa hivyo na vyombo vya habari vya nje.

Baada ya kufanya kazi nyuma ya kamera katika filamu ya The Constant Gardener (2005), iliyopigwa kwa sehemu kubwa nchini Kenya, na kuhitimu Chuo cha Hampshire huko Massachusetts, alirudi nyumbani. Mwaka 2009 ulikuwa wa kazi mbili muhimu. Aliongoza filamu ya hali halisi, In My Genes, kuhusu maisha ya watu wenye ualbino nchini Kenya. Mwaka huohuo akacheza nafasi ya Ayira katika Shuga, tamthilia fupi ya MTV iliyoandaliwa kwa ushirikiano na UNICEF ili kuwafikia vijana kuhusu Virusi vya UKIMWI.

Shuga inastahili kuangaliwa kwa makini. Ilikuwa kazi ya televisheni yenye lengo la kijamii, na mafanikio yake yalitegemea vijana kuwaamini wahusika. Kiingereza kilitawala mazungumzo yake, huku Kiswahili na Sheng vikijitokeza pale ambapo vijana wa Nairobi kwa kawaida huvichanganya. Mchanganyiko huo ulitokana na mahitaji ya hadhira: kijana aliyeambiwa jambo la kufa na kupona alipaswa kuambiwa kwa sauti anayoitambua. Kwa hiyo, katika mwanzo wa safari ya Lupita kwenye televisheni, lugha ilichaguliwa kwa kumtazama msikilizaji. Kigezo hiki ndicho kitakachobadilika katika kazi zilizofuata.

4.0 Pumzi: jina la Kiswahili, kinywa kilichofungwa

Mwaka uleule wa Shuga, mwongozaji Mkenya Wanuri Kahiu alikamilisha Pumzi, filamu fupi ya takribani dakika 20 ambayo imekuwa mfano unaotajwa mara nyingi zaidi wa bunilizi ya kisayansi ya Afrika Mashariki. Ilioneshwa katika tamasha la Sundance mwanzoni mwa mwaka 2010. Hadithi imewekwa miaka 35 baada ya vita vya tatu vya dunia, vita vya kugombea maji. Watu waliosalia wanaishi chini ya ulinzi mkali katika jumuiya ya Maitu, ambako kila tone la jasho na mkojo husafishwa na kunywewa tena. Mhusika mkuu, Asha, mtunzaji wa makumbusho, anapokea udongo wenye dalili ya uhai na kuamua kutoka nje kuupanda mbegu. Nafasi hiyo ilichezwa na Kudzani Moswela, na filamu ilipigwa Afrika Kusini.

Mpangilio wa lugha katika Pumzi unafundisha mengi. Jina la filamu ni la Kiswahili. Jina la mhusika linajulikana pwani yote ya Waswahili. Jina la jumuiya ni la Kigikuyu, na filamu yenyewe inaanza kwa kulifafanua kama kamusi inavyofafanua. Lakini wahusika hawazungumzi kwa Kiswahili wala kwa Kigikuyu. Mazungumzo yao hupitia kompyuta, midomo haifunguki, na lugha ya mfumo huo ni Kiingereza. Kimya hicho kina mantiki ya kisanaa, kwa kuwa kinasawiri utawala unaowanyima watu hata pumzi ya kuzungumzia. Pamoja na hayo, matokeo yake kwa Kiswahili ni yaleyale ya Star Trek: lugha ipo mlangoni, ndani haisikiki.

Hili halipaswi kusomwa kama lawama kwa Kahiu. Filamu yake ilipata msaada wa fedha kutoka nje na ilikusudiwa matamasha ya kimataifa. Pale ambapo fedha na hadhira ya kwanza viko mbali, lugha ya karibu hulipa gharama. Huo ni ukweli wa kiuchumi ambao sera yoyote ya lugha na filamu lazima iuanzie.

5.0 Sura kutoka Wau, sauti kutoka Nairobi: 2014 na 2015

Lupita alihitimu shahada ya uzamili ya uigizaji katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 2012 na mara moja akapata nafasi ya Patsey katika 12 Years a Slave (2013). Tarehe 2 Machi 2014 alitunukiwa tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora msaidizi wa kike, Mkenya wa kwanza kuipata tuzo ya uigizaji.

Siku chache kabla ya hapo, katika hafla ya jarida la Essence, alitoa hotuba kuhusu uzuri na rangi ya ngozi. Alieleza jinsi alivyokuwa akichukia weusi wake alipokuwa msichana, hadi alipomwona mwanamitindo Alek Wek akisifiwa duniani. Alek Wek ni Mdinka aliyezaliwa Wau mwaka 1977, akakimbia vita na kufika London mwaka 1991. Tukio hilo lina maana kubwa kwa hoja ya makala haya. Msichana wa Nairobi alijikubali kwa sababu sura iliyofanana na yake, sura iliyotoka Bahr el Ghazal, ilipewa nafasi mahali ambapo dunia yote ilitazama. Kama sura inaweza kufanya kazi hiyo kwa jicho, ni halali kuuliza lugha ingeweza kufanya nini kwa sikio.

Jibu la Hollywood kwa swali hilo lilikuwa limeshaanza kuonekana, na lilikuwa la kushangaza. Katika Return of the Jedi (1983), mojawapo ya filamu za Star Wars, mhusika Nien Nunb, kiumbe wa sayari nyingine, alitiwa sauti na Kipsang Rotich, aliyekuwa mwanafunzi Mkenya nchini Marekani. Watazamaji wa Kenya walitambua mara moja kwamba kiumbe huyo alikuwa akisema Kigikuyu. Hadhira nyingine ilisikia sauti za ajabu za anga za mbali. Lugha hai ya mamilioni ya watu ilitumika kwa sababu ilidhaniwa kwamba hakuna atakayeielewa.

Mwaka 2015 Lupita aliingia katika ulimwengu huohuo kupitia The Force Awakens, akicheza Maz Kanata, kiumbe mzee mwenye umri wa zaidi ya miaka 1,000. Mwili wake haukuonekana. Mienendo ya uso wake ilinaswa na kamera na kugeuzwa kwa kompyuta. Rotich naye alirudi katika filamu hiyo kama Nien Nunb. Kwa hiyo, filamu moja ilikuwa na Wakenya wawili ambao hadhira haikuziona nyuso zao, mmoja akisema Kiingereza na mwingine akijulikana kwa lugha ya Kenya iliyochukuliwa kuwa ya viumbe wa anga.

6.0 Nakia na Kixhosa: nani alikuwa mezani?

Black Panther ilitolewa Februari 2018. Iliingiza zaidi ya dola za Marekani bilioni 1.3 duniani kote na kushinda tuzo tatu za Oscar, zikiwamo za mavazi na usanifu wa mandhari. Lupita alicheza Nakia, mpelelezi wa Wakanda, taifa la kubuni lenye teknolojia iliyoyapita mataifa yote na ambalo halikuwahi kutawaliwa. Kisumu, kaunti iliyokuwa chini ya ugavana wa baba yake, ilikuwa miongoni mwa miji iliyoonesha filamu hiyo kwa sherehe ya uzinduzi.

Mahali ilipo Wakanda hapakosi umuhimu. Hadithi zake na ramani zilizotolewa kwa nyakati mbalimbali zimeiweka Afrika Mashariki, mara jirani na Ziwa Turkana, mara ufukweni mwa Ziwa Nyanza. Majina kadhaa ya humo ni ya Kiswahili. Kabila la milimani linaitwa Jabari, neno ambalo msemaji wa Kiswahili analifahamu kwa maana ya mtu mwenye nguvu na ushujaa. Mshauri wa kiroho wa wafalme anaitwa Zuri. Hapa sarufi inafichua kuazima. Katika Kiswahili, -zuri ni mzizi wa kivumishi unaohitaji upatanisho wa ngeli: mtu mzuri, kitu kizuri, siku nzuri. Husimama bila kiambishi katika umoja wa ngeli ya li-ya tu, kama katika jicho zuri. Mwazimaji alichukua mzizi kutoka kamusini, akauacha mfumo unaouhuisha.

Ingetarajiwa, basi, kwamba nchi iliyowekwa Afrika Mashariki, yenye majina ya Kiswahili na mpelelezi mkuu anayechezwa na Mkenya, ingezungumza lugha ya eneo hilo. Haikuwa hivyo. Lugha ya Wakanda ni Kixhosa cha Afrika Kusini. Sababu yake haikutokana na utafiti wa ramani. Wakati wa kutengeneza Captain America: Civil War (2016), mwigizaji mkongwe wa Afrika Kusini John Kani, aliyecheza Mfalme T'Chaka, aliona si sawa baba wa Kiafrika kuzungumza na mwanawe kwa Kiingereza pekee. Akapendekeza lugha yake mwenyewe, akamfundisha Chadwick Boseman maneno ya kusema, na waongozaji wakakubali. Black Panther ikaurithi uamuzi huo, na waigizaji wa Wakanda, akiwamo Lupita, wakajifunza Kixhosa kwa ajili ya filamu.

Mambo mawili yanafuata. La kwanza ni kwamba Kixhosa kilistahili nafasi hiyo kama lugha nyingine yoyote ya bara hili, na furaha ya wasemaji wake ilikuwa halali. La pili ni kwamba kilipata nafasi kwa njia rahisi mno: msemaji wake alikuwapo, alikuwa na heshima ya kusikilizwa, na alifungua kinywa kabla kamera haijawashwa. Hakukuwa na tume wala azimio. Ni kweli pia kwamba sehemu kubwa ya mazungumzo ya filamu ilibaki ya Kiingereza, na Kixhosa kilitumika katika kauli fupi. Hata hivyo, kauli hizo fupi zilitosha kuifanya hadhira ya dunia isikie kwamba taifa lililoendelea kuliko yote linasema lugha ya Kiafrika.

Ulinganisho na Star Trek unaonesha kinaya kikubwa. Mwaka 1966, mwigizaji wa Illinois aliigiza Mwafrika wa wakati ujao ambaye Kiswahili kilikuwa lugha yake ya ndani. Mwaka 2018, mwigizaji aliyelelewa Nairobi, mjuzi wa Kiswahili, aliigiza Mwafrika wa Afrika Mashariki ya kubuni akisema Kixhosa, na katika mandhari ya Busan akasema Kikorea. Ustadi wake wa kujifunza lugha ulitumika kikamilifu. Lugha alizokuja nazo hazikuhitajika.

7.0 Njia nyingine

Mwezi uleule Black Panther ilipotolewa, filamu ya Kenya Supa Modo, iliyoongozwa na Likarion Wainaina, ilioneshwa katika tamasha la Berlin. Inamhusu msichana mgonjwa anayeota kuwa shujaa mwenye uwezo usio wa kawaida, na kijiji kizima kinachoamua kuitimiza ndoto hiyo. Wahusika wake huzungumza Kiswahili na Kigikuyu pamoja na Kiingereza, na ushujaa unatamkwa kwa lugha ya nyumbani bila kuomba radhi.

Mfano wa karibu zaidi na bunilizi ya kisayansi ni Neptune Frost (2021) ya Saul Williams na Anisia Uzeyman, iliyopigwa Rwanda na kuhusisha wachimba madini na wadukuzi wa kompyuta katika ulimwengu wa kubuni wa Burundi. Cheryl Isheja ni mmoja wa waigizaji wanaocheza nafasi ya Neptune. Kinyarwanda, Kirundi, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza vyote vinasikika, kila kimoja kwa wakati wake, kama inavyokuwa kweli katika eneo la Maziwa Makuu. Filamu hii inathibitisha kwamba hadhira ya kimataifa haikimbii lugha nyingi. Ilipokewa Cannes bila kulazimika kujigeuza ya Kiingereza.

Njia ya tatu imefunguliwa na watazamaji wenyewe. Katika mabanda ya video ya Tanzania, Kenya na Uganda, wafasiri wa filamu wamekuwa kwa miaka mingi wakisimulia filamu za kigeni juu ya sauti zake za asili. Tanzania ilimjua Lufufu, Kenya inamjua DJ Afro, na Uganda ina wasimulizi wengi kwa Kiluganda. Kazi hiyo haiishii katika kutafsiri. Msimulizi hueleza, hutania, hutaja mitaa ya hadhira yake, na humpa shujaa wa anga methali za nyumbani. Mara nyingi kazi hiyo hufanyika nje ya mikataba ya hakimiliki, jambo ambalo sera haiwezi kulifumbia macho. Lakini kwa upande wa lugha, wafasiri hawa wameshafanya kile ambacho studio hazijafanya: wameufanya wakati ujao uzungumze Kiswahili.

8.0 Mafunzo kwa Juba

Hali ya lugha nchini Sudan Kusini ina sura yake. Kifungu cha 6 cha Katiba ya Mpito ya mwaka 2011 kinazitambua lugha zote za asili kuwa lugha za taifa na kukifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya kazi. Kiarabu cha Juba kinaunganisha mji bila kutajwa katika kifungu hicho. Kiswahili nacho kimeingia kwa miguu ya watu: wafanyabiashara kutoka Uganda na Kenya, na vijana waliosoma katika kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992 katika eneo la Turkana, ambako shule hufuata mtaala wa Kenya wenye somo la Kiswahili. Inafaa kukumbuka kwamba mojawapo ya ramani za Wakanda inaiweka nchi hiyo jirani na Ziwa Turkana. Taifa tajiri la kubuni na kambi halisi ya wakimbizi vimewekwa katika eneo moja, na ni vijana wa kambi hiyo waliorudi Juba wakiwa na Kiswahili vinywani.

Kutokana na historia iliyoelezwa, mafunzo manne yanajitokeza.

La kwanza linahusu watu kabla ya nyaraka. Kisa cha John Kani kinaonesha kwamba lugha huingia katika filamu kupitia msemaji aliyepo kazini na mwenye ujasiri wa kupendekeza. Programu za mafunzo ya uigizaji, uandishi wa miswada na ushauri wa lugha zitakipa Kiswahili, na lugha nyingine za Sudan Kusini, nafasi kubwa zaidi kuliko matamko.

La pili linahusu Kiarabu cha Juba na lugha za taifa. Mwaka 2012, kabla uhuru haujatimiza mwaka mmoja, waigizaji wa Sudan Kusini walipeleka Cymbeline ya Shakespeare katika jumba la Globe, London, kwa Kiarabu cha Juba, katika tafsiri ya Joseph Abuk. Walichagua lugha ya mji wao, na dunia ikawasikiliza. Kiswahili kikija Juba kwa sura ya kuondoa lugha hiyo kitapingwa, na kitastahili kupingwa. Mfano wa Neptune Frost, wa lugha kadhaa katika hadithi moja, unafaa zaidi.

La tatu linahusu fedha. Pumzi inafundisha kwamba lugha ya filamu huufuata mfuko unaoilipia. Mfuko wa kikanda wa kusaidia filamu, ukiwa na sharti kwamba sehemu ya mazungumzo iwe kwa lugha za Jumuiya, ungebadilisha hesabu za watayarishaji. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao Zanzibar, ina nafasi ya kulianzisha jambo hili. Ufadhili huo ungeweza pia kugharamia leseni ili wasimulizi wa mabanda ya video wafanye kazi yao kihalali, na maandishi ya tafsiri ya Kiswahili chini ya picha.

La nne linahusu istilahi. Mwandishi anayetaka roboti wake aseme Kiswahili huhitaji maneno ya chombo, nishati, data na kumbukumbu ambayo hayatachekesha pale yasipokusudiwa kuchekesha. Vyombo vya istilahi vimezoea kuhudumia bunge, mahakama na chuo. Waandishi wa miswada nao wahesabiwe miongoni mwa wateja wao.

9.0 Hitimisho

Safari ya Lupita Nyong'o kutoka Ayira wa Shuga hadi Nakia wa Wakanda ni safari ya mafanikio ya msanii, na pia ni kipimo cha umbali ambao lugha za eneo lake bado hazijausafiri. Yeye mwenyewe ameendelea kurudi nyumbani kwa njia nyingine. Kitabu chake cha watoto cha mwaka 2019 kinaitwa Sulwe, yaani nyota kwa Kijaluo, na kimetafsiriwa kwa Kiswahili na Kijaluo. Nyota ya Uhura iliazimwa kutoka nje ya lugha. Nyota ya Sulwe ilitoka ndani yake. Tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kuongoza sera.

Mwaka 2024 Lupita alitoa sauti ya Roz, roboti wa filamu ya The Wild Robot, anayetupwa katika kisiwa cha wanyama na kukaa kimya akiwasikiliza hadi aielewe lugha yao, na baada ya hapo tu ndipo anaposaidia yeyote. Tasnia ya filamu ya Sudan Kusini ni changa, na uchanga huo ni fursa. Filamu ya kwanza ya Juba kuhusu mwaka 2100 bado inaweza kuandikwa na watu wanaojua, tangu ukurasa wa kwanza wa mswada, ni lugha zipi zinazosemwa mjini humo.